Vifaranga wangu wanaingia wiki ya 6: niwatoe nje lini, na nitawachanganyaje na kuku wakubwa?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina vifaranga 11 niliowanunua wakiwa na umri wa siku moja, na sasa wanaingia wiki ya 6. Wako kwenye boksi kubwa jikoni chini ya taa ya joto, na vumbi lao limeshaichosha nyumba nzima. Nje nina banda lenye mitetea 7 na jogoo 1. Jumapili nilimchukua kifaranga mmoja, yule mkubwa kuliko wote, nikamweka katikati ya wakubwa nione itakuwaje. Dakika mbili hazikuisha: mtetea mmoja alimkimbiza mpaka kwenye kona akamdonoa utosini hadi damu ikatoka. Nilimrudisha ndani, na sasa wenzake nao wanamdonoa palepale. Nisubiri mpaka wafikishe miezi mingapi? Na kuna wanaoniambia niwaingize usiku, eti asubuhi wataamka ndugu. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, tuanze na huyo mwenye kidonda, mengine yatangoja. Kuku akiona kitu chekundu hudonoa, na akishaonja damu haachi. Wenzake hawamchukii, lakini wanaweza kummaliza. Mtenge leo hii. Safisha kidonda kwa maji safi ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, kausha, kisha paka ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo pamoja na kuzuia wadudu inafunika wekundu. Ila usimpeleke chumba kingine. Kata kipande cha wavu, ugawe boksi lilelile, akae upande mmoja na wenzake upande wa pili, waonane na kusikiana. Ukimficha siku 5, siku ya kurudi atakuwa mgeni kwao na utaanza upya kabisa. Kidonda kikikauka na gamba likawa jeusi, toa wavu.

Sasa tuje kwenye Jumapili. Ulimtoa kifaranga kwenye joto, ukamkanyagisha ardhi asiyoijua na ukamkutanisha na wakubwa, yote kwa mpigo mmoja, na tena peke yake. Hizo ni safari tatu. Kila moja ina hatari yake na dalili zake za kwamba amekuwa tayari, na ndiyo maana swali la "miezi mingapi" halina jibu moja. Kwa joto, huenda wako tayari wiki hii. Kwa ardhi, karibu. Kwa wakubwa, bado sana.

Joto ndilo rahisi. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka karibu nyuzi 21. Bila shaka umeshafanya hivyo kwa kuinua taa. Kinachobaki ni manyoya, na hapo usiitazame kalenda, mtazame kuku. Mshike mmoja, mgeuze taratibu, umpulizie kifuani na chini ya bawa. Ukiona manyoya ya kweli, bapa, yaliyolaliana kama vigae, sawa. Ukiona bado yale manyoya laini kama pamba, au ngozi tupu, mwache ndani. Mbawa ndizo hutangulia, kisha mkia na mgongo, kifua hufuata, kichwa na shingo huwa mwisho. Kuku wa mbegu nyepesi wanaweza kuwa wamekamilika wiki ya 5, wale wazito huchukua hata wiki ya 8. Ndani ya boksi moja utakuta wanatofautiana, nawe umfuate aliyechelewa.

Zima taa mchana kwa siku tatu nne. Wakitulia, wakala, wakalala wametawanyika, zima na usiku. Wakilia kwa sauti kali na kusongamana, bado wanasikia baridi. Wakipita usiku tatu bila taa, huku dirisha likiwa wazi kidogo ili hewa ya jikoni ikaribiane na ya nje, safari ya kwanza imekwisha. Na niliseme hili hata kama hukuuliza: taa ya joto inayoning'inia juu ya maranda makavu ni chanzo cha moto. Mpaka siku ya kuizima, ifunge sehemu mbili tofauti, tena kwa waya au mnyororo, si kwa kamba.

Kifaranga mwenye manyoya kamili akiwa mkavu na amekingwa upepo huvumilia ubaridi kuliko watu wanavyodhani. Anayekufa ni yule aliyelowa. Kwa hiyo usiwahamishe siku ya mvua wala usiku wa upepo mkali, na paa la hapo wanapolala lisivuje hata tone.

Baridi haiui peke yake, kuna namna yao ya kujikinga nayo, na hiyo ilinifunza kwa machungu. Nilipoanza kufuga nilihamisha vifaranga zaidi ya 20 jioni, nikawaweka kwenye banda jipya nililolionea fahari, nikafunga mlango nikaenda kulala. Asubuhi niliwakuta wengi wazima kabisa, wanakula. Wanne walikuwa kwenye kona, bapa kama vitambaa, bila jeraha hata moja. Giza liliwakuta mahali pageni, wakaogopa, wakarundikana kwenye kona, na wa chini wakakosa hewa. Tangu siku hiyo nahamisha asubuhi tu, wapate mchana mzima wa kupazoea mahali pao. Kona za banda naziziba kwa ubao uliokaa mshazari au fungu la nyasi kavu, pasiwe na pembe ya kujibana. Na kwa usiku nne za mwanzo narudi na tochi saa moja baada ya giza kuingia. Nikikuta rundo, nalitawanya kwa mkono, mmoja mmoja. Ni kazi ya dakika tano.

Banda la kulala lizibe dhidi ya wanaowinda usiku. Ule wavu wa kuku wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama kupenyeza mkono au kichwa. Matundu ya milimita 12 hivi ndiyo salama, na wavu uzame ardhini kama sentimita 30 kwa ajili ya wachimbaji. Juu pia, kwa sababu ya mwewe na paka.

Safari ya pili, ardhi, ndiyo inayosahauliwa, labda kwa sababu adui wake haonekani. Kuku wakubwa hubeba tumboni vimelea wa koksidia bila kuugua, maana miili yao imeshawazoea. Mayai ya vimelea hao hutoka na kinyesi, na yakipata unyevu, hewa na joto, ndani ya siku moja au mbili huwa tayari kumwambukiza kuku mwingine. Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 ndiye wa kwanza kuangushwa. Utamwona amejikunja, manyoya yamesimama, mbawa zimelegea, hakimbilii chakula, na kinyesi chake kina damu au wekundu wa kutu. Ukiona hivyo usisubiri kesho. Dawa ya kawaida ni amproliamu ndani ya maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au alichokupa daktari wa mifugo, na kikundi chote kinywe, si mgonjwa tu.

Kinga ya koksidia huja kwa kukutana na vimelea kidogo kidogo. Ndiyo maana nakushauri usiwatoe moja kwa moja. Siku ya kwanza nusu saa, mchana, juani, kwenye nyasi kavu ambazo wakubwa hawajazikanyaga karibuni, ndani ya kizimba cha wavu kisicho na sakafu, nusu yake ikiwa na kivuli. Kesho yake saa moja. Baada ya wiki wanaweza kushinda huko. Kisogeze kizimba kila siku, na pale penye chombo cha maji pasiwe tope, kwa sababu tope la chini ya chombo cha maji ndiko koksidia wanakopikwa. Siku hizo za mwanzo utafurahi kuwatazama: watasimama sekunde chache wameganda, kisha mmoja atapiga kucha nyuma mara mbili, wote wataanza. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ila wakianza kula majani na wadudu, wawekee na changarawe ndogo ndogo, maana bila vijiwe firigisi haisagi.

Kuhusu chanjo, muulize aliyekuuzia kama vifaranga walichanjwa ugonjwa wa Marek siku walipoanguliwa. Virusi vyake husafiri na vumbi la manyoya, na kuku wakubwa wenye afya wanaweza kuwa wanavitoa bila wewe kujua. Chanjo hiyo inazuia uvimbe na kupooza, haizuii virusi kuingia mwilini. Chanjo ya kideri nayo iwe imekamilika kwa ratiba ya eneo lako, na wapewe wiki mbili za kujenga kinga kabla ya kukaribiana na wengine. Wiki hizi 5 jikoni zimekuwa karantini nzuri bila wewe kukusudia, alimradi hukuwa unatoka bandani na viatu vilevile kuingia jikoni. Kuanzia sasa, kila asubuhi wahudumie wadogo kwanza, ndipo uende kwa wakubwa, na si kinyume chake.

Sasa safari ya tatu, ile iliyokuletea damu.

Mwaka 1921 mtafiti wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza jambo ambalo kila mfugaji alikuwa analiona bila kulipa jina: kuku wana ngazi ya madaraka. Wa juu humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, hadi wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Kila mmoja anamjua mwenzake kwa sura na anakumbuka nani alishinda. Mitetea wako 7 walishamaliza ugomvi wao zamani, na ndiyo sababu unaona amani. Ulipomshusha yule kifaranga katikati yao, uliwaletea mtu asiye na nafasi kwenye ngazi. Lazima aonyeshwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wazee walisema, na kwa tabia ya kuku walisema kweli. Kamba yenyewe, hata hivyo, nakuomba usiifunge. Wapo wanaomfunga mgeni mguu ili apazoee, lakini kwa kuku mwenye wenyeji wakorofi hiyo ni hukumu, kwa sababu kinga yake pekee ni kukimbia.

Na hapo ndipo penye kiini cha umri. Kifaranga wa wiki 6 hawezi kupigana wala hawezi kukimbia vya kutosha. Kuku wa wiki 12 bado hawezi kupigana, ila anakimbia, anaruka na anajua kona ya kujificha. Kwa hiyo wiki 6 hizo za katikati hatuzipotezi, tunazitumia kuwazoesha wakubwa sura za wadogo bila kuwagusa.

Gawa uwanja wa kuku kwa wavu wenye matundu ambayo kichwa cha kifaranga hakipiti. Wadogo wapate upande wao wenye kivuli, maji, chakula na pa kulala. Chombo cha chakula cha wadogo kisogeze karibu na wavu, na cha wakubwa vilevile upande wao, ili wale wakitazamana. Siku za mwanzo yule mtetea wako mkorofi atatembea kando ya wavu huku na huku, shingo imenyooka, akidonoa waya. Mwache. Kipindi hiki ni wiki mbili kwa uchache, mimi hupenda tatu. Dalili ninayoingoja ni moja: wakubwa wajilaze kuoga vumbi hatua moja tu kutoka kwenye wavu, macho wameyafumba nusu, wadogo wanapitapita nyuma yao na hakuna anayegeuka. Kuku haogi vumbi karibu na kitu kinachomkera.

Ukiiona, toboa mlango kwenye wavu. Upana wa sentimita 10 hadi 12, kimo hivyohivyo, kiasi wadogo wapite na mtetea mzima akwame mabegani. Jaribu kwanza kwa kipande cha boksi ili upate kipimo cha kuku wako mwenyewe, na utoboe matundu mawili au matatu mahali tofauti, maana anayekimbizwa hana muda wa kuutafuta mlango. Usimsukume yeyote kutoka. Kaa pembeni tu. Yuko mmoja mwenye kiherehere ambaye atatoa kichwa, atatoka, atachakura mara mbili, atakutana na jicho la mtetea na atarudi mbio kama risasi. Baada ya robo saa atatoka tena. Ndani ya siku chache watakuwa wanatoka wanne watano, wanaiba chakula cha wakubwa na kurudi. Katika njia zote nilizojaribu, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu wadogo ndio wanaoamua wakutane na nani, lini, na umbali gani.

Kutoka hapo hadi wiki ya 12 au zaidi, wakifika angalau theluthi mbili ya ukubwa wa wenyeji, unaweza kuondoa wavu. Fanya hivyo siku ambayo unashinda nyumbani, wote wakiwa nje kwenye nafasi, si ndani ya banda. Weka vyombo vitatu vya chakula na vitatu vya maji, vilivyotengana kiasi kwamba mtetea mmoja hawezi kuvilinda vyote. Ning'iniza mboga za majani mahali pawili juu kidogo ya vichwa vyao, wapate shughuli. Tupa uwanjani magogo, kreti iliyopinduliwa, ubao ulioegemezwa ukutani, kila kificho kiwe na njia mbili za kutokea. Kificho chenye mlango mmoja ni mtego, kama ile kona ya Jumapili. Kwa nafasi, ndani ya banda usishuke chini ya theluthi moja ya mita ya mraba kwa kila kuku, na nje mita moja ya mraba. Kipindi cha kuchanganya, nafasi ikizidi hapo amani inaongezeka waziwazi.

Utaona kudonoa, na usiingilie kila mara. Mdono mmoja kichwani, mbio fupi, kisha kila mtu na yake, hiyo ndiyo ngazi inajengwa. Ingilia ukiona damu, ukiona mkubwa amempanda mdogo mgongoni na hashuki, au mmoja wa wadogo anashinda amejificha na gole lake, yaani kile kifuko anachotunzia chakula alichomeza, jioni ni tupu. Papasa kifuani chini ya shingo: lililojaa utalisikia kama kifuko cha nafaka. Na unapoingilia, mwenye damu atoke akatibiwe nyuma ya wavu, lakini kama hakuna damu, anayetolewa ni mkorofi, si mwonewa. Mfungie mkorofi mahali asipowaona wenzake siku tatu. Akirudi atakuta nafasi yake imechukuliwa, na atakuwa na shughuli ya kujirudisha yeye mwenyewe kuliko kuwinda watoto. Wewe unaye tayari, unamjua kwa sura.

Jogoo usimwogope sana. Mara nyingi huwapuuza wadogo, na wengine huamua ugomvi wa mitetea. Atakayekuletea maneno ni yule kati ya hao 11 atakayegeuka kuwa jogoo. Undu, yaani kile kilemba cha nyama kichwani, ukianza kuwa mwekundu na kunyanyuka mapema kuliko wa wenzake, panga mapema atakaa wapi.

Sasa huo ushauri wa usiku. Una ukweli nusu. Kuku haoni gizani, kwa hiyo ukimpandisha mgeni kwenye fito usiku, hakuna atakayemgusa hadi alfajiri. Tatizo ni hiyo alfajiri. Wanaamka kabla yako, ndani ya chumba chembamba, mlango umefungwa, na kama nilivyosema, kuku wanajuana kwa sura. Hawaamki ndugu, wanaamka na mgeni ambaye hana pa kukimbilia. Usiku unafaa kama hatua ya mwisho tu, wakiwa wameshashinda pamoja mchana kwa wiki nzima bila damu. Wapandishe wote 11 kwa pamoja, wasitenganishwe, na kesho yake ufungue mlango kabla hakujapambazuka vizuri. Kila mmoja apate kama sentimita 20 za fito. Wadogo watachagua fito ya chini na kulala wamejibanza peke yao kwa miezi, hilo si tatizo. Wasizoee tu kulala kwenye viota, watavichafua kabla hata hawajaanza kutaga.

Jambo la chakula nusura nilisahau, na linaharibu vifaranga wengi kimyakimya. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalsiamu karibu asilimia 4, kwa ajili ya maganda. Kuku anayekua anahitaji kama asilimia 1, na inayozidi huumiza figo zake. Kuiba punje mbili tatu hakumdhuru, kukifanya ndicho chakula chake cha kila siku kunamdhuru. Wakishachanganyika huwezi kumwambia nani ale wapi, kwa hiyo wape wote chakula cha kukuzia, na mitetea uwawekee maganda ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Wanaotaga watayala wenyewe kadiri miili yao inavyodai, wadogo wataonja na kuondoka. Rudi kwenye chakula cha kutagia yai la kwanza la wadogo litakapoonekana.

Wako wanaofikiri wangeepuka haya yote kwa mtetea anayeatamia. Ni kweli, kama angewaangua yeye au angekabidhiwa vifaranga wakiwa na siku moja au mbili, angewaingiza kundini mwenyewe, na mkubwa yeyote angekiona cha moto. Lakini kwa wiki 6 umeshachelewa. Mtetea hapokei watoto wa umri huo, naye atawadonoa kama wengine.

Kwa hiyo wiki hii zima taa, na jengo la kizimba lianze. Na yule mwenye kidonda, hata akipona kabisa, asikupe haraka siku ya kufungua lile tundu la wavu. Yeye anakumbuka. Huenda akangoja ndani siku mbili tatu huku wenzake wakiingia na kutoka. Mwekee chakula na maji yake upande wa ndani, na umwache atoke siku atakayotaka mwenyewe.